Matanga Yaliyofika Siku ya Memwari

Mwisho wa mwaka wa masomo, pale chuoni kwetu Kalemie, habari zote zilitufikia kupitia sanduku la mbao lenye mlango wa kioo, lililopigiliwa ukutani nje ya ofisi ya apariteri. Tuliliita valve. Kioo chake kilikuwa na ufa tangu kabla hatujaanza masomo, na kufuli yake ilifunguka hata kwa kibanio cha nywele. Lakini karatasi ikishaingia humo na muhuri wa bluu ilikuwa sheria. Isiyo na muhuri ilikuwa maneno ya sokoni tu, hata kama imeandikwa vizuri namna gani.

Apariteri mwenyewe alikuwa papa, kama tunavyomwita mtu mzima kwetu, mnene kiasi, mwenye miwani inayoning'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Kazi yake ilikuwa kushika majina yetu, kubandika matangazo, na kutuita mlangoni siku ya kutetea memwari, ile kazi ndefu ya utafiti inayomaliza masomo. Alituita kwa sauti kubwa isiyo na furaha wala hasira. Kila mmoja wetu alijua jinsi jina lake linavyosikika kinywani mwake.

Mimi nilikuwa sepe, mkuu wa darasa la mwisho. Tangazo likitoka, nililipiga picha na kulituma kwenye kundi letu la simu, kisha nikasimama mbele ya auditwari, ukumbi wetu wa masomo, na kulisoma kwa sauti. Wengi hawakuwa na mega za kufungua picha, na wengine walipenda tu kusomewa. Niliipenda kazi ile. Siku hizo nilikuwa nimeanza kuandika riwaya yangu ya kwanza, na kila ukurasa niliujaza mbalamwezi na mawimbi. Valve haikuwa na mbalamwezi. Ilisema: rudisheni vitabu vya biblioteki kabla ya Ijumaa. Ilisema: Jumamosi ni salongo ya kufyeka majani, kila mmoja aje na panga au ufagio. Misa ya shukrani, mchezo wa mpira kati ya darasa la pili na la tatu, kupimwa toga za kolasio, sherehe yetu ya kuhitimu; toga zenyewe zitafika na treni, treni ikifika. Nilisoma maneno hayo yaliyonyooka nikaona yanabeba watu wengi kuliko mawimbi yangu.

Mwaka huo kiangazi kilikuwa kikavu sana. Vumbi la barabara ya Lubuye lilikaa juu ya kila kitu, hata juu ya sabuni. Ziwa lilikuwa limetulia na kung'aa kama bati jipya, na juu ya kilima tulisikia mashine za bandari na wanafunzi wakijifunza kwa sauti, kila mmoja na kona yake, kila mmoja akiuambia ukuta majibu ya maswali ambayo juri ya maprofesa huenda ingeuliza.

Jumatatu asubuhi nilikuta watu wamejazana mbele ya valve. Karatasi mpya ilikuwa imebandikwa juu ya ile ya zamani, gundi bado mbichi.

"Sepe, hii ni ya kweli?" mmoja akaniuliza. "Iko na muhuri?"

"Iko na muhuri."

"Basi tumekufa."

Tangazo lilisema kwamba safari ya profesa mgeni imesogezwa mbele. Badala ya kuondoka juma litakalofuata, ataondoka Alhamisi hii. Kwa hiyo memwari zote zitatetewa Jumatano, kuanzia asubuhi mpaka wa mwisho apite, na matokeo yatasomwa jioni hiyohiyo. Atakayeitwa mara tatu bila kuingia atahesabiwa hakuja.

Hilo halikutushangaza sana. Chuo chetu hakina maprofesa wengi wa kudumu. Wanakuja kutoka Lubumbashi, wanamimina somo la mwaka mzima katika majuma machache, wanasahihisha, wanaondoka. Kalenda yetu inafuata ndege, na ndege inafuata mambo yake yenyewe. Waliokuwa tayari walienda kutafuta pasi ya makaa, wasiokuwa tayari walienda kutafuta waliokuwa tayari. Mimi nilibaki mbele ya kioo nikiangalia jina moja kwenye orodha.

Lilikuwa la mwenzangu wa chumba, na yeye alikuwa safarini, huko Bendera.

Tuliishi sisi wawili kwa shangazi yake, huko Lubuye, katika chumba cha nyuma chenye kitanda kimoja na meza mbili. Memwari yake ilihusu vijiji vilivyo chini ya waya mkubwa wa umeme, ule unaotoka kwenye mtambo wa maji wa Bendera na kuvuka vilima mpaka mjini kwetu. Waya unapita juu ya paa zao lakini wao wanawasha vibatari. Alikwenda kijiji kwa kijiji, kwa miguu na kwa pikipiki, akawauliza watu wanapikia nini, wanasomea nini, wanausemaje ule waya. Kazi ilikuwa imekamilika tangu mwaka wa masomo uliotangulia. Lakini mwaka huo profesa hakuja kabisa, na profesa huyo ndiye aliyekuwa direkta wake, msimamizi wa kazi yake, na rais wa juri. Mwenzangu alikaa na memwari yake juu ya kabati, akiipangusa vumbi kila Jumapili. Safari hii profesa alikuwa amemwambia waziwazi kwamba mkataba wake wa kuja kwetu unaisha. Asipotetea mbele yake, itabidi atafute direkta mwingine, na direkta mwingine angetaka mada nyingine. Vijiji vyote vile vingekuwa bure.

Alikwenda Bendera kwa sababu ya baba yake. Mzee huyo alikuwa mfanyakazi wa mtambo, kazi yake kufungua na kufunga milango ya maji. Kwetu huwezi kutetea memwari na mstari wa mbele mtupu. Wazazi wanakaa pale, na juri inawaona. Mwenzangu alikuwa amempigia simu kumwalika, na baba akamjibu: "Mimi siitwagwi na telefone kama pikipiki. Ukinitaka, njoo unichukue." Basi akapiga pasi gauni lake, akalitundika ukutani, akapanda lori. Tarehe ya zamani ilimpa nafasi ya kutosha.

Nilimpigia simu. Yule mwanamke wa mtandao akaniambia nambari haipatikani. Nilijua sababu: madereva walikuwa wamesema antena ya Bendera imenyamaza tangu juma lililopita. Nikaenda kwa apariteri.

"Papa, mwenzangu iko Bendera. Hajui kama siku imegeuka."

"Anajua."

"Atajuaje, na antena imekufa?"

Alinyoosha kidole kuelekea valve bila kuinua kichwa. "Tangazo likibandikwa, kila mwanafunzi amelisoma. Hata anayelala hospitali. Hiyo njo sheria."

"Na muntu akiwa mbali?"

"Mwisho wa mwaka muntu anatafuta nini mbali?"

"Baba yake, Papa."

Hapo akainua kichwa. Akavaa miwani, akanitazama, akaivua tena. "Watu wa umeme wanaongeaga na Bendera kila saa," akasema. "Wanaambiana habari ya maji. Mimi sijasema kitu."

Kabini ya umeme iko chini, ng'ambo ya reli, nyumba ndogo yenye ukuta wa waya na mngurumo usiokwisha. Ndani nilimkuta papa mmoja wa zamu akila muhogo wa kuchoma. Mbele yake palikuwa na foni, redio ya kuongelea, ambayo kila kituo kinachoshika mawimbi yake kinasikia kila kinachosemwa. Nilimweleza shida yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akitafuna.

"Mama," akasema, "foni hii inasema maji, inasema kukata, inasema kurudisha. Haisemagi shule."

"Ni mutoto wa ule Papa wa milango ya maji."

Akaacha kutafuna. "Ule murefu? Anayeimbaga kwenye foni tukimusubiri atupe hesabu?"

"Yeye. Ni mutoto wake wa kwanza."

"Kumbe!" Akajipangusa vidole kwenye suruali. "Ungeanza na hiyo."

Aliita Bendera. Kwanza walimalizana na mambo yao ya maji na mashine, bila haraka, kama watu wanaosalimiana. Halafu sauti yake ikashuka, ikawa nzito na ya upole, sauti ambayo sikuitegemea kutoka kwa mtu mwenye muhogo shavuni.

"Sikiliza vizuri. Iko neno la Papa yetu wa milango. Mutoto wake yuko huko kwenu. Arudi Kalemie haraka. Papa mwenyewe aje, Mama pia aje. Wasikawie. Jumatano wawe wamefika. Umenipata?"

Ilisikika mikwaruzo. Kisha yule wa Bendera akajibu, naye kwa sauti ya chini: "Tumekupata, Kalemie. Tutamwambia polepole."

"Papa," nikasema alipozima, "hamukutaja memwari."

"Mambo makubwa hayasemwagwi kwenye foni. Masikio ya njia yote yanasikiliza. Muntu akiambiwa aje haraka, anakuja haraka. Si njo unataka?"

"Njo nataka."

"Basi." Akarudi kwenye muhogo wake.

Nilipanda kilima nikiwa mwepesi. Jumanne niliitumia kumtafutia mwenzangu muda. Juri ilifuata alfabeti, na kwa alfabeti alikuwa katikati. Nilitaka awe wa mwisho. Wa mwisho alikuwa kijana mmoja kutoka Kabalo, mtoto wa mtu wa reli, na yeye hakutaka kusogea.

"Sepe, nikisogea nitavaa nini? Koti ni moja, na mwenzangu atakuwa ndani yake."

Ni kweli. Yeye na rafiki yake walikuwa na koti moja la suti, na rafiki, mwenye koti, alipangiwa kabla kidogo tu ya nafasi hiyo ya katikati.

"Atalivua mlangoni, wewe utalivaa hapohapo," nikamwambia.

"Likiwa na jasho yake?"

"Jasho ya kufaulu," mwenye koti akadakia. "Ukiivaa utajibu hata ambacho hukusoma."

"Wewe jasho yako ni ya kutetemeka. Nitaingia nianze kutetemeka kabla ya swali."

Walibishana hivyo mpaka wakachoka, halafu akakubali. Nikamwandikia sekretari wa juri, naye akabadilisha nafasi hizo mbili. Jioni nilisimama barabarani Lubuye. Yalipita malori ya makaa, ya mihogo, ya mbao. Bendera haikuteremsha mtu.

Jumatano juri iliketi asubuhi. Profesa alikuwa mtu mwembamba, makini, mwenye tai fupi. Sanduku lake la safari lilikuwa tayari sakafuni kando ya kiti chake, limefungwa kamba. Mimi nilipita wa pili. Watu huniuliza niliulizwa nini siku hiyo, na kusema kweli sikumbuki. Nakumbuka nilijibu nikiwa nimegeuza sikio upande wa dirisha.

Kabla ya saa sita, watu wachache tu walikuwa wamebaki mbele ya mwenzangu. Nikapanda pikipiki kwenda nyumbani kuchukua nakala za memwari yake na lile gauni, ili akitokea vimkute mlangoni na asipoteze muda. Nilimwomba dereva anisubiri. Shangazi alikuwa uani akitwanga sombe, majani ya muhogo. Alikuwa mwanamke mkubwa, mwenye shinikizo la damu linalojulikana na ukoo mzima. Mara nyingi aliwahi kutangaza kwamba anakufa, na kila mara alibadili mawazo.

"Wamefika?" akaniuliza bila kuacha mchi.

"Bado, Shangazi."

Wakati huohuo lori likasimama nje. Kabla halijazima injini tukasikia vilio.

Sijui namna nyingine ya kusimulia. Waliingia uani wanawake sita au saba, nywele zimefumuliwa, vitenge vimefungwa kiunoni, mikono kichwani. Katikati yao alikuwa mama wa mwenzangu, ameshikwa mabega pande zote mbili. Nyuma alikuja baba, mrefu kweli, amebeba mkeka uliokunjwa, na wanaume wawili wenye gunia la unga wa muhogo. Mwenzangu alikuwa miongoni mwa wanawake, vumbi tupu, macho yamevimba.

"Yoo, Shangazi! Umetuacha na nani!"

"Nani atatupokea mjini, Shangazi!"

Shangazi alisimama na mchi wake hewani. Kilio kilimfikia, kikampita, kikarudi. Mmoja mmoja wakamwona. Mwanamke wa mbele alinyamaza katikati ya neno. Yule wa nyuma, ambaye hakuwa ameona, akaendelea peke yake kwa muda.

"Munalilia nani?" Shangazi akauliza.

Wote wakamgeukia baba.

"Nauliza, munalilia nani ndani ya kiwanja yangu?"

"Dada," baba akasema, "foni ilisema tuje haraka."

"Ikasema mimi nimekufa?"

"Haikusema. Njo tulijua."

Kwetu hakuna anayetangaziwa kifo akiwa mbali. Unaambiwa tu urudi haraka, na mama aje pia, na msikawie. Anayekuletea neno anashusha sauti, na wewe unajaza kilichobaki. Mtu wa Kalemie alikuwa amelisema jambo kubwa kwa njia ya mambo makubwa, na mtu wa Bendera, akilipokea kwa heshima, alikwenda kwa mzee wa milango ya maji, akamkalisha chini kwanza, akamwambia polepole. Wakahesabu wagonjwa wao wa mjini. Shangazi alikuwa wa kwanza kwenye hesabu. Majirani wakachanga gunia la unga kwa ajili ya matanga, wakapanda lori, wakalia kilima kwa kilima.

"Hakuna aliyekufa, Papa," nikasema. "Ni memwari. Siku imesogezwa. Ni leo, ni sasa hivi, wako naita watu."

Baba aliweka mkeka chini taratibu. Akakaa juu ya gunia. Akamwangalia dada yake, akaniangalia mimi, akamwangalia binti yake.

"Njo munaitaga watu hivyo, ninyi watu wa chuo?"

"Papa, tutagombana jioni," mwenzangu akasema, na hapo ndipo nilipotambua shida mpya. Sauti haikuwapo. Midomo ilitembea na nyuma yake ilitoka pumzi tu, kama mtu anayepuliza moto. "Nimemulilia Shangazi tangu Bendera," akanipulizia sikioni. "Imeisha."

"Unaona?" Shangazi akawaambia wengine, na sasa kulikuwa na kitu kama kuridhika usoni mwake. "Ule alilia kweli. Ninyi wengine sauti yenu ingali iko muzima." Kisha akaupiga mchi ukutani. "Munasimama nini? Mumupeleke!"

Gauni halikuvaliwa. Tulipanda pikipiki watatu, dereva, mwenzangu, na mimi nyuma na nakala kifuani, na lori likatufuata na matanga yake yote. Shangazi alikuwa mbele kando ya dereva. Alisema hawezi kubaki nyumbani siku ambayo watu wametoka mbali kwa ajili yake.

Apariteri alikuwa amesimama kwenye mlango wa auditwari. Kijana wa Kabalo alikuwa ametoka, koti mkononi, analipepea likauke. Alipotuona alikimbia kutupokea.

"Amekwisha kuita mara mbili," akasema. "Baada ya ya pili akasema miwani yake imepotea. Anaitafuta tangu hapo."

Miwani ilikuwa shingoni mwake, kwenye kamba ya kiatu, kama siku zote. Alituona tukipanda ngazi. Alimtazama mwenzangu, nywele zile, vumbi lile, akaichukua miwani, akaivaa, akajikohoza, na huku mwenzangu amesimama karibu kiasi cha kumkanyaga vidole, akaita jina lake kwa mara ya tatu kwa nguvu zote za mapafu yake.

"Niko," mwenzangu akapuliza.

"Ingia."

Akaingia, na nyuma yake wakaingia wote: mama, wanawake wenye nywele zilizofumuliwa, baba, na Shangazi akiwa wa mwisho, mkubwa kama mlango. Profesa aliinua macho kutoka kwenye karatasi zake. Alikuwa mtu wa nchi hii, alijua anachokiona. Akasimama. Wenzake wa juri wakasimama, na auditwari nzima ikasimama, mpaka wale waliokuwa madirishani.

"Poleni sana," profesa akasema. "Poleni na msiba. Mama mdogo, kama huwezi kuendelea, juri itakuelewa."

Hapo palikuwa na mlango wa kutokea, tena wa heshima. Lakini sote tulijua kwamba nyuma ya mlango huo kulikuwa na lile sanduku lenye kamba, na ndege ya kesho.

Baba wa mwenzangu akajibu kabla yake. "Asante, Papa Profesa. Lakini marehemu ni mzima. Ni huyu hapa."

Shangazi akainama kidogo, kusalimia juri.

Kicheko kilichotoka kilitikisa bati. Hata profesa alishika meza. Alipokaa, akapangusa macho, akageuka kuwa yuleyule mtu wa tai fupi. "Basi tuanze," akasema. "Tunakusikiliza."

Kumsikiliza ndiyo ilikuwa kazi. Alianza kusema, na safu ya tatu haikupata kitu. Nyuma watu walianza kunong'onezana. Profesa akainua kiganja. Sijawahi kuisikia auditwari ile ikinyamaza vile. Daima palikuwa na benchi linalolia, mtu anayefungua karanga, simu. Siku hiyo hata wauzaji wa maji ya mifuko nje walinyamazishwa. Na katika kimya hicho, pumzi ile yenye mikwaruzo ikawa maneno, tukayasikia yote. Akasema vijiji vyake. Akasema kuni na mafuta ya taa. Hakusoma.

Profesa alimuuliza swali moja tu gumu. "Umeandika kwamba watu wa huko wanauchukia waya. Umelijuaje? Kuchukia si jambo dogo."

"Profesa, nilikosea kuandika hivyo," akasema. "Jana lori letu lilipata pancha chini ya waya. Tulikuwa tunalia. Wamama wa kijiji walitoka, wakatuletea moto na viti, wakalia pamoja nasi, bila kumjua tunayemlilia. Mmoja aliniambia, waya wetu unaimba kiangazi, sikiliza. Aliuita waya wetu. Kama ningeandika leo, ningeandika kwamba wanausubiri."

Profesa aliandika kitu pembeni ya ukurasa. Nilikuwa mbali, sikuweza kuona ni nini.

Juri ilitoka kushauriana kwa muda ambao ulimtosha Shangazi kuwauliza vijana wote wa safu ya mbele kama wameoa. Kisha sekretari akasoma matokeo, jina kwa jina. Mimi nilipita. Kijana wa Kabalo alipita, na mwenye koti pia, kwa alama zilezile, wakaanza papo hapo kubishana ni koti au ni wao. Jina la mwenzangu lilikuja mwisho. Alipata distinksio, alama ya juu siku ile.

Kila familia ilikuwa na kopo lake dogo la poda ya watoto, ile inayomwagwa kichwani mwa aliyefaulu mpaka aonekane mzee. Familia yake haikuwa na kopo. Walikuja kwenye matanga. Niliwaona wakitazamana, halafu baba akatoka nje, mrefu, akarudi na gunia begani. Akalikata kamba. Mama akaingiza mikono yote miwili.

Unga wa muhogo ni mzito kuliko poda. Haukuruka, ulianguka. Ulimfunika mwenzangu nywele na kope, ukafunika juri iliyokuwa karibu, ukafunika sanduku la profesa na ile kamba yake. Na wale wanawake waliotoka Bendera wakilia sasa walipiga vigelegele, na zile sauti zao nzima, ambazo Shangazi alikuwa amewalaumu nazo, zikapata kazi. Baba aliimba. Kumbe ni kweli, anaimba.

Unga uliobaki ulipikwa Lubuye jioni hiyo, fufu, ugali wa muhogo, ya watu wengi, kwa sombe iliyokuwa imeachwa kinuni. Shangazi alijipakulia wa kwanza. "Ni matanga yangu," akasema. "Bora niyaonje mwenyewe nikiwa na meno."

Alhamisi ndege iliondoka na profesa. Asubuhi hiyo nilimkuta apariteri akiwa na ufagio ndani ya auditwari, akitoa unga kwenye nyufa za mabenchi na kulalamika peke yake. Aliponiona alinipa karatasi iliyokuwa imeshapigwa muhuri.

"Kabla sijabandika," akasema, "usome. Wengi wako hapa kwa ajili ya toga."

Nikapanda mbele. Nikasoma kwamba wanafunzi wote na familia zao wanajulishwa kuwa ni marufuku kumwaga unga wa fufu ndani ya auditwari. Poda inaruhusiwa, nje, na kwa kiasi. Mwenzangu alikuwa ameketi mstari wa mbele, weupe bado masikioni, sauti bado haijarudi. Alicheka mpaka akalala juu ya benchi, na hakuna aliyemsikia.